Kulungu wa Pande Mbili za Kijito

Nilimwahidi binti yangu Chigusa jambo moja tu, tena kwa hasira: mwaka nitakaokosa soya za kujaza pipa moja la miso, ile rojo ya chumvi ya soya zilizochachushwa, nitafunga nyumba na kushuka jijini Nagoya kuishi naye. Ulikuwa ujeuri mtupu. Lile pipa nimelijaza miaka thelathini na tisa, na mume wangu alipofariki nikaendelea kulijaza peke yangu. Sikuona ni kitu gani kingenizuia.

Sikuwafikiria kulungu. Mwaka juzi walikula robo ya shamba, mwaka jana nusu. Wavu niliozungushia waliulalia mpaka ukaanguka. Basi nikiwa na miaka sitini na sita nikaenda kufanya mtihani wa leseni ya mitego, nikakaa dawati moja na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zangu, nikafaulu. Mzee Gonda, mkuu wa wawindaji wa kijiji chetu cha Tochinosawa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe Sumie? Hata kuku humchinji!"

"Mimi nitanasa. Kuua utaua wewe mwenye bunduki."

"Haya, nimeshaajiriwa bila kuombwa."

Lakini leseni ni jambo moja, na kutega nje ya msimu ni jambo jingine, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Msimu wa kuwinda unafunguliwa tarehe kumi na tano Novemba. Soya zangu navuna wiki ya kwanza ya Novemba. Kulungu wao wanaanza kula Julai. Ukitaka kuwagusa kabla ya msimu, lazima ofisi ya kijiji ikupe kibali cha kuondoa wanyama waharibifu, na hicho kibali kina masharti mengi kuliko posa. Mtegoni utundike kibao chenye jina lako, namba ya kibali na tarehe. Mnyama akishakufa umlaze ubavu, kichwa kielekee kulia, uandike tarehe mwilini kwa rangi ya kupuliza, ndipo umpige picha. Kichwa kikielekea kushoto, picha inakataliwa. Nilimuuliza Minowa, karani wa kijiji anayeshughulikia mambo ya wanyama, kwa nini iwe kulia. Akafikiri kwa muda mrefu, maana ni kijana mwaminifu, halafu akasema ndivyo ilivyo kwenye fomu.

"Na kibali kinaishia kwenye mpaka wa kijiji, mama," akaongeza. "Kile kijito cha chini ya shamba lako. Ng'ambo ni mji wa Oshigane, wana vibali vyao."

Nikaitikia tu. Kijito chenyewe unakivuka kwa hatua moja, na mimi huwa nakivuka kila siku kwenda kuchuma uyoga bila kujua kwamba nasafiri.

Asubuhi ya tarehe tano Oktoba nikakuta mtego umefyatuka. Nilikuwa nimeuficha chini ya mwerezi wa pembeni mwa shamba, upande wetu, na waya nimeufunga kwenye shina. Tanzi lilikuwa limemkamata kulungu jike mguu wa mbele wa kushoto. Furaha yangu ilidumu kiasi cha pumzi mbili. Kwa kuhangaika kwake alikuwa amekiruka kijito, na waya ukamfikisha. Amefungwa Tochinosawa, amesimama Oshigane.

Nikamwita Mzee Gonda, akaja na bunduki yake na fulana yake ya rangi ya chungwa. Akaangalia waya, akaangalia kijito, akaketi juu ya jiwe.

"Mpige basi," nikamwambia.

"Nimpige wapi?"

"Kichwani! Mwindaji ni nani hapa?"

"Nauliza mji gani. Risasi itoke kijijini itue mjini? Unataka ninyang'anywe bunduki na miaka yangu sabini na minane hii?"

"Si umpige ukiwa kule kule?"

"Kule sina kibali. Wala wewe huna. Hapo tutakuwa majangili, Sumie. Leseni yako haina hata mwaka."

Leseni ikienda, mitego inaenda, na soya zinaenda nayo, na mimi najikuta Nagoya, ghorofa ya saba, nikimwagilia chungu cha maua. Nikampigia simu Minowa. Alifika baada ya nusu saa, viatu vya mvua miguuni, na ramani imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alimwinamia kila mtu, na nadhani alimwinamia hata kulungu.

"Fomu ina kisanduku kimoja," akasema. "Mahali pa kunasia. Hapo ndipo pa kuamua."

"Kunasia ni pale waya ulipofungwa," nikasema. "Huku."

"Kunasia ni pale mnyama alipo," akasema Gonda. "Kule."

Minowa akafungua mwongozo wake. "Humu imeandikwa kunasa ni pamoja na kuua. Kwa hiyo akinaswa huku akauawa kule, kunasa kunakuwa kumeanza huku kukaishia kule."

"Basi andika pande zote mbili."

"Kisanduku ni kimoja, mama."

Nilitamani kumpokonya ule mwongozo nimlishe kulungu. Minowa akapiga simu Oshigane, kwa mwenzake anayeitwa Katakura, akafungua spika ili sote tusikie. Mama yule alikuwa na adabu ya kutisha. Akasema kwamba kwa kuwa mtego ni wa Tochinosawa, kulungu ni wa Tochinosawa, na wao wasingependa kuingilia. Tukashusha pumzi. Akaendelea kwamba akiuawa upande wao bila kibali chao, itabidi wapige ripoti polisi. Akatuomba radhi mara tatu, akasema ataangalia ramani za zamani, atapiga tena.

"Kwa hiyo ni wetu lakini tusimguse," nikasema.

"Ndiyo," akasema Minowa. Halafu akasema, "Hapana." Halafu akavua kofia akajikuna kichwa.

Tukarudi nyuma hadi kwenye tuta la shamba ili mnyama asijiumize zaidi. Nikagawa matonge ya wali niliyokuwa nimeyafunga nyumbani.

"Hii nini humu ndani?" Minowa akauliza kwa mdomo uliojaa.

"Figili ya chumvi. Kula."

Kulungu akatulia. Alikuwa mdogo, wa mwaka jana pengine, na alituangalia kwa yale macho yao makubwa yasiyosema lolote. Nilimchukia, nikamwonea huruma, na sikupata nafasi ya kumaliza hata moja kati ya hayo mawili. Mguu wake ulikuwa unavuja damu kidogo pale waya ulipouma.

"Tungemrudisha tu kijijini," akasema Gonda huku akilamba vidole. "Aruke mwenyewe. Akitua huku, nampiga, picha kichwa kulia, kisanduku kimoja, tunaenda kunywa chai."

"Utamwitaje? Kwa kipaza sauti?"

Akatazama nyuma yangu, na mimi nikajua anatazama nini. Niliinuka nikang'oa mashina matatu ya soya, soya zangu mwenyewe, maganda yamejaa nusu, nikayaweka kando ya kijito upande wetu. Nikang'oa mengine matatu. Ninamlisha mwizi wangu kwa mkono wangu ili sheria imtambue.

Tulingoja karibu saa nzima. Kwanza alinyoosha shingo akavuta shina moja kutoka ng'ambo. Akala, akavuta la pili. Mengine yalikuwa mbali kidogo. Akashusha mguu mmoja kijitoni, akasimama vile, nusu mji nusu kijiji, na Minowa akanong'ona, "Asibaki hivyo, jamani, asibaki hivyo." Halafu akaruka, akatua Tochinosawa miguu yote minne. Gonda akainua bunduki.

Simu ya Minowa ikalia.

"Ngoja! Mzee, ngoja!" Akasikiliza, akiinama na kuitikia. Nilimwona uso ukimbadilika. Akaikunjua ile ramani yake juu ya majani, akaweka kidole, akakiondoa, akakirudisha.

"Kijito kilihama," akasema. "Mafuriko ya zamani, kabla sijazaliwa. Mpaka ni kijito, lakini ni kile cha zamani."

"Na cha zamani kilipita wapi?" nikauliza.

"Wao wanasema kilipita upande wa juu wa shamba lako. Sisi kwa ramani yetu kilipita chini. Ndiyo maana hapa kuna mstari wa nukta nukta. Mimi nilidhani ni njia ya miguu." Alikuwa karibu kulia. "Maana yake mpaka haujaamuliwa. Kipande hiki hakiko kwetu wala hakiko kwao. Hakuna ofisi inayoweza kutoa kibali hapa."

"Lakini mlinipa kibali!"

"Kibali ni cha kijiji, mama. Shamba ndilo haliko kijijini."

"Basi liko wapi?"

Alitazama ramani, akatazama shamba. "Lipo," akasema. "Liko tu hapo."

Gonda akashusha bunduki, akaifungua katikati, akatoa risasi. Mnyama aliyenaswa pasipo kibali lazima aachiwe. Hilo lilikuwa wazi, na ndilo jambo pekee lililokuwa wazi siku ile. Gonda alimfunika kichwa kwa koti, akamlalia shingoni, Minowa akashika miguu ya nyuma huku amefumba macho, na mimi nikakata waya kwa koleo. Mguuni palikuwa na pete nyekundu, manyoya yamenyolewa pande zote. Tulipomwachia aliruka mara mbili, akasimama, akatugeukia. Kisha akaingia msituni.

"Lini naweza kumnasa hapa?" nikauliza.

"Tarehe kumi na tano Novemba," akasema Minowa, amefarijika kupata swali lenye jibu. "Msimu ukifunguliwa, leseni ya mkoa inatosha. Kijiji na mji vyote viko mkoa mmoja, mpaka hauna maana tena."

"Tarehe kumi na tano soya zitakuwa zimeshavunwa."

"Ndiyo, mama."

"Au zimeshaliwa."

Akainama hadi nikauona utosi wake. Sikuweza hata kumgombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake asubuhi kulungu alirudi. Nilimtambua kwa pete ya mguuni. Alikuja moja kwa moja pale nilipomwekea mashina, akakuta hakuna, akapanda shambani kutafuta mengine, na nyuma yake walikuwepo wawili. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilisimamisha wavu upya, nikafunga redio mtini, nikasimama kwenye tuta nikipiga sufuria na kutaja kwa sauti majina ya maofisi yote ninayoyajua. Nilikuwa nimemuuliza Minowa kama kupiga kelele kunahitaji kibali, akaenda kuangalia, akanipigia kuniambia hakuhitaji. Wiki mbili hivi walikimbia. Baadaye walizoea, wakawa wanatafuna huku wananisikiliza.

Nilivuna tarehe sita Novemba. Nikapura, nikapepeta, nikamimina ndani ya pipa kupima kwa jicho. Hazikufika hata nusu. Nilikaa sakafuni nikalitazama lile pipa hadi chai ikapoa. Ningeweza kununua soya dukani nikajaza, na Chigusa asingejua kamwe. Nilifikiria hivyo siku mbili nzima, nisikufiche. Lakini ahadi ile niliitoa mimi, na hakuna aliyenilazimisha. Nikampigia simu.

"Mama, una hakika?" akauliza.

"Sina hakika na chochote. Njoo na gari."

Alikuja tarehe kumi na tano, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Sikuchagua mimi. Soya nilizopata nilikuwa nimewagawia majirani, vyombo tayari viko garini, na pipa tupu nimeliacha kibarazani, sijui nilichukue au nilitupe. Ndipo Mzee Gonda akapanda ile njia na fulana yake ya chungwa, amebeba kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Zawadi ya safari," akasema. "Nimempiga saa kumi na mbili na nusu, jua lilipochomoza tu."

Nikafungua. Ulikuwa mguu wa mbele wa kushoto, na ngozi yake. Juu kidogo ya kwato kulikuwa na pete, manyoya yalikuwa yameanza kurudi, laini, mafupi.

"Ulimpigia wapi?"

"Chini ya mwerezi wako. Alikuwa anatafuta soya."

"Upande gani wa kijito?"

Gonda akatazama viatu vyake. "Leo hakuna anayeuliza, Sumie."

Nikaufunga tena ule mguu vizuri, nikauweka ndani ya pipa, nikafunika. Chigusa akawasha gari, akauliza kama pipa nalo linakwenda. Nikamwambia ndiyo, lina kitu ndani.