Magunia ya Sufu Darini kwa Kahiga

Santuri ya kwanza ya Gathoni ilipopigwa katika hoteli moja ya Othaya, mwaka wa 1974, wateja waliendelea na mazungumzo yao. Sauti yake ilisikika kana kwamba anaimbia ndani ya pipa. Mumewe Kahiga, aliyeirekodi na kuchanganya sauti na ala zake kwa mkono wake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Gathoni akamsogezea kikombe. "Kunywa, baba Warigia. Chai inapoa."

Kahiga alikuwa fundi wa redio mjini Nyeri. Mashine zake za kurekodi alizipanga darini, juu ya chumba chao cha kulala pale Majengo, mabati yakiwa karibu kumgusa kichwa. Kule juu wimbo ulikuwa umemvutia: besi nzito, gitaa alilolipiga mwenyewe likilia vizuri. Alikagua nyaya na spika wiki nzima, asione kosa.

Akaanza kukishuku chumba chenyewe. Akapigilia trei za mayai za kumeza mwangwi kwenye kuta zote na kwenye mteremko wa paa. Sauti nyembamba zikafifia, lakini besi ikazidi kuvuma. Gathoni aliokota misumari iliyoanguka chini, binti yao Warigia asije akaikanyaga.

Aliyemwokoa Kahiga ni jirani yao Bi Mwanasiti, mshonaji magodoro. Alipanda ngazi akihema, akasimama katikati ya dari, akapiga kofi moja na kusikiliza. Akasogea kwenye kona, akapiga lingine.

"Hizi trei ni karatasi tu, mwanangu," alisema. "Chumba changu cha kazi kikiwa kitupu, kinapiga kelele. Nikikijaza magodoro, hata nikikohoa hakuna anayejua. Sauti inamezwa na kitu kinene."

"Mimi niko na blanketi mbili peke yake."

"Nani amekuuliza blanketi?"

Akamshonea magunia manne marefu, akayashindilia sufu ya kondoo kutoka Kiganjo. Mawili waliyasimamisha kwenye kona, ambako besi ilikuwa ikijikusanya. Mawili wakayatundika chini ya mteremko, wakiacha nafasi ya kiganja kati ya gunia na bati, ili sauti ipenye na kuchokea huko nyuma.

Asubuhi iliyofuata, kabla mvua haijaanza kupiga mabati, Kahiga aliuweka tena utepe wa wimbo. Kwa mara ya kwanza alimsikia Gathoni akivuta pumzi. Kisha akalisikia gitaa lake mwenyewe. Kila mkewe aliponyamaza kidogo, liliruka kuijaza nafasi ile. Kila alipoanza ubeti, lilikuwa bado linamkanyaga. Kosa halikuwa la chumba peke yake. Akamwita mkewe.

"Mama Warigia, mbona hukuniambia gitaa linakuzima?"

Gathoni alisikiliza wimbo mpaka mwisho. "Nilijua," alisema. "Lakini ulikuwa unalipiga kwa furaha sana. Nilipenda kukuona hivyo."

Kahiga alishika kifundo cha mashine kinachoongoza sauti ya gitaa, akalishusha, akalishusha tena, mpaka sauti ya mkewe ikasimama wazi. Gathoni akaweka mkono wake juu ya wake, akakirudisha kifundo juu kidogo.

"Usilinyamazishe kabisa," alisema. "Nikiimba nataka kusikia uko."

Santuri ya pili, iliyotoka kwenye mchanganyo huo mpya, ilichezwa hadi Karatina. Tangu siku hiyo, kila wimbo ulipochanganywa darini, mbele ya mashine palikuwa na viti viwili: chake na cha Gathoni.