Saa Yenye Saba Mbili

Kazini walimwita Bi Vioja, ingawa alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Ukimsalimia, alijibu akitazama miguu yako. Ukimuuliza jambo, jibu lilitoka dogo, kama linaomba radhi. Lakini mpe ncha mbili za shuka, wewe shika mbili, shuka likae katikati yenu kama pazia, hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka.

"Shangazi, unajua pweza ana mioyo mitatu?"

"Mitatu ya nini, na mwenyewe kazi yake kujificha?"

Walikuwa wakifanya kazi kwa dobi mmoja mkubwa aliyefua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemwombea kazi pale. Kukunja shuka ni kazi ya wawili. Mnalivuta, mnalikung'uta, mnaliunganisha pindo kwa pindo, kisha mnaendeana kama watu wanaotaka kukumbatiana. Mmoja anapokea ncha zote, mwingine anainama kuufuata mkunjo, mnarudi nyuma mnaanza tena. Vioja vya binti huyu vilikuwa na urefu huohuo: vilianza wakiwa mbali, vikaisha walipokutana.

Alivitoa kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Shule aliiachia darasa la tano, mwaka ambao mgongo wa shangazi ulimlaza na nyumba ikakosa mpishi. Tangu hapo kusoma kwake kulikuwa kwa kutambaa, midomo ikifuata kila herufi. Vitabu vilimtisha, vilionekana kujua kwamba hakumaliza. Kamusi ile ilikuwa na kitufe tu. Unakibonyeza, inakufungulia ukurasa wowote, bila kukuuliza umesoma hadi wapi. Jioni, akisubiri chakula kiive, alibonyeza na kubonyeza, na kile kilichomfanya aseme "Heee!" peke yake jikoni ndicho alichokibeba kesho yake kazini.

"Bi Vioja, leo kuna nini?" mpiga pasi alipenda kuuliza, kichwa kikitokea kwenye mvuke.

Yeye alimnong'oneza shangazi, na shangazi, aliyekuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akatangaza: "Anasema kuna mnyama huko mbali, anakunya vipande vya pembe nne! Kama tofali!"

"Huyo hana tumbo, ana kiwanda," akasema mpiga pasi. "Akiharisha sijui inakuwaje."

"Kokoto!" akajibu msimamizi kutoka mlangoni, na chumba kizima kikacheka. Msimamizi walimwita Kengele kwa sababu hakuwahi kusema jambo mara moja.

Binti alijificha nyuma ya shuka, uso ukimwaka kwa raha. Hakuwa na kitu kingine cha kuwapa watu. Hakujua kuimba, hakujua utani, hata kusuka hakujua. Vioja vilikuwa vyake.

Siku kilipotokea kile cha saa, alikianza kama vingine.

"Shangazi, kuna mji una saa ya stesheni, ile ya mnara. Ina nyuso nne. Uso mmoja una saba mbili, na nane haipo. Sita, saba, saba, tisa." Akacheka kwa pumzi tu. "Wanasema fundi aliyepaka zile namba alikuwa amelewa chakari."

Alisogea mbele na ncha zake. Shangazi hakusogea. Shuka likalegea katikati, likagusa sakafu, jambo ambalo pale lilikuwa dhambi.

"Mji gani?"

Binti akautaja.

"Na stesheni iko karibu na soko?"

"Wameandika uso huo ndio unaotazama soko. Kwani ulishafika?"

Shangazi aliliokota shuka, akalikung'uta mara mbili bila sababu. "Sijafika. Baba yako ndiye aliyefika. Alikwenda huko kupaka rangi wewe ukiwa tumboni. Aliporudi alinisimulia. Namba zilichorwa kwa vibati vilivyokatwa, unaweka kibati, unapitisha brashi. Kibati cha nane kikapotea. Mnyapara akamwambia weka saba kwanza, nane inakuja. Basi akaweka saba. Kesho yake jukwaa likabomolewa, nane haikuja."

"Ni baba?"

"Ni baba yako. Na wala hakuwa amelewa! Nani kaandika hivyo?"

Baba alikufa binti akiwa hajaanza kutembea. Picha yake ilikuwa moja, amesimama nyuma ya watu wengine harusini, uso umekatwa na bega la mtu. Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, binti alikaa kwenye kikapu cha foronya akaufungua tena ule ukurasa. Palikuwa na picha ya saa. Aliivuta ikakua, akaivuta tena, mpaka ile saba ya pili ikajaa kiooni kote na kuanza kuvunjikavunjika. Ilikuwa imesimama vizuri. Imenyooka. Mlevi angeweza kuinyoosha hivyo? Aliigusa kwa kidole, picha ikaruka, ikabidi aitafute upya.

Chini yake sentensi ilikuwa palepale: *Inasemekana fundi aliyeupaka uso huu alikuwa amelewa.*

Kwamba kamusi ile mtu yeyote anaweza kuibadilisha, alilijua kwa sababu kila sehemu ilikuwa na alama ya kalamu, naye siku zote aliiogopa. Sasa aliibonyeza. Akaifuta sentensi. Akabonyeza kuhifadhi, na ukurasa ukabaki umenyamaza, msafi. Akamwonyesha shangazi, wakatazamana kama watoto walioiba sukari.

Kabla mashine iliyokuwa ikizunguka haijamaliza kukamua, sentensi ilikuwa imerudi. Kulikuwa na maelezo: *Usifute habari yenye chanzo.*

"Chanzo ndio nini?" shangazi akauliza.

"Pale walipoitoa." Aliibonyeza namba ndogo iliyokuwa mwisho wa sentensi. Ikampeleka kwenye gazeti fulani, ambako mwandishi aliyepita mjini humo kwa matembezi alisema wenyeji husimulia hivyo. Hakumtaja mwenyeji hata mmoja.

"Kwa hiyo na hao waliambiwa tu!"

"Ndiyo, ila wameandikwa."

Kesho yake aliandika habari ya kibati. Ilimchukua muda wote wa mapumziko, chai ikaota ngozi juu. Aliisoma mara nyingi kwa midomo, akahifadhi. Ikaondolewa: *Hakuna chanzo.*

"Mwambie chanzo ni mimi," shangazi akasema kwa sauti yake ile. "Mwambie niko hai, niko hapa kwenye meza ya kukunjia, akitaka aje aniulize. Nitamkaribisha chai."

"Shangazi, polepole."

"Polepole ya nini? Mtu kanitukania ndugu yangu."

Binti alifikiri sana. Alimwona mtu huyo akilini: baba wa makamo, mwenye miwani, ameketi ofisini na lile kabati kubwa la maarifa nyuma yake, amechoshwa na watu wanaomchezea karatasi zake. Huenda kosa lake ni kuingia bila hodi. Anafuta, anaandika, wala hajasalimia! Kwa hiyo mara ya tatu alifanya inavyotakiwa. Chini ya ile sentensi, katikati ya ukurasa unaosomwa na dunia nzima, aliandika:

*Shikamoo. Samahani kwa kukusumbua kazini. Hakuwa mlevi. Kibati cha nane kilipotea akaambiwa aweke saba. Ni baba yangu. Ahsante.*

Akaketi kungoja jibu. Alingoja huku akikunja taulo. Akangoja huku akisukuma toroli. Kila alipotazama, maneno yake yalikuwa bado yapo, na matumaini yakaanza kumpanda kifuani. Labda anasoma. Labda anatafuta miwani.

Alipotazama tena hayakuwepo. Kulikuwa na maelezo mafupi: *Nimeondoa uharibifu.* Na ile alama ya kalamu haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na kufuli dogo.

"Marahaba hakuitikia?" shangazi akauliza.

"Hakuitikia."

"Basi hakulelewa." Lakini sauti ya shangazi safari hii haikufika hata kwenye mashine ya jirani.

Binti alilirudia lile neno siku nzima. Uharibifu. Miaka yote yeye kazi yake ilikuwa kuondoa: damu, chai, rangi ya mdomo, matope ya viatu vya watu waliolala navyo. Hakuwahi kufikiria kuna upande mwingine ambako mtu anaweza kuwa yeye ndiye doa.

Aliacha kuleta vioja. Mpiga pasi akauliza, akajibiwa hakuna. Akauliza tena, akajibiwa simu ni mbovu. Basi Kengele, aliyekuwa na makundi ya kila namna kwenye simu yake, akaamua kuziba pengo. Ilikuwa saa ya chai. Alipanda juu ya kreti, akagonga kikombe.

"Leo kioja kinatoka kwa uongozi! Kinatoka kwa uongozi! Sikilizeni. Kuna mtu kaingia kwenye kamusi ya mtandaoni, mahali pa saa ya stesheni, akaandika barua! Mtu kaipiga picha kabla haijafutwa." Akausogeza uso kwenye simu. "'Shikamoo. Samahani kwa kukusumbua kazini.'"

Chumba kikaangua kicheko. Mpiga pasi alishika meza.

"Anaiamkia kamusi!"

"Ngojeni, ngojeni! 'Hakuwa mlevi.'"

"Yalaa! Sasa nani kamuuliza?"

"'Ni baba yangu. Ahsante.' Ahsante!" Kengele akafuta machozi kwa kona ya kanga. "Watu wana mambo jamani. Watu wana mambo. Nimeletewa na makundi manne leo hii."

Shangazi alikuwa ameshaweka kikombe chini. Binti aliliona bega lake likiinuka, kama anavyofanya kabla ya kupasua sauti, akamshika mkono chini ya meza, kwa nguvu. Shangazi akamgeukia. Binti akatikisa kichwa. Angesema, wangejua ni nani, na kila mtu angemwonea huruma, na huruma yao ingemfuata kila siku mpaka kwenye toroli. Au wangeuliza, kwa wema tu, wao wawili walijuaje kwamba hakulewa. Alifungua mdomo aseme yeye mwenyewe, japo hilo moja, hakuwa mlevi. Kikatoka kicheko. Kidogo, chembamba, cha kufuata wengine. Alikisikia akashindwa kukirudisha.

"Hata Bi Vioja kacheka!" mpiga pasi akashangilia.

Walirudi kwenye mashuka. Walikunja kadhaa. Kisha, walipokutana na ncha, binti akauliza bila kuinua macho:

"Shangazi, baba alikuwa hanywi kabisa?"

Shangazi akachukua ncha. "Alikuwa anakunywa. Kama watu."

Wakarudi nyuma, wakalivuta. Wakaendeana tena.

"Siku hiyo ya saa, nani alikuwepo?"

"Yeye na mnyapara."

"Wewe je?"

"Mimi nilikuwa nyumbani na mama yako. Nimeshakwambia, alinisimulia." Shangazi alishikilia shuka bila kulikabidhi. "Alinisimulia akiwa amekaa kizingitini, anavua viatu. Alikuwa anacheka. Alisema, dada, kuna watu huko watakuwa wanachelewa treni kwa ajili yangu. Hivyo ndivyo alivyosema. Mlevi hasimulii hivyo."

"Hapana," binti akasema.

"Hasimulii."

"Hapana, shangazi."

Mkunjo ulikuwa umekaa upande, wakalifungua shuka wakalianza upya.

Wiki zilipita. Sentensi iko palepale, na kufuli lake. Binti huifungua mara mojamoja, akaitazama kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyofukuzwa. Vioja vimerudi kidogo, vya wanyama tu. Vya watu havigusi tena.

Lakini ile barua haikutoka kwa dobi. Iligeuka msemo wao. Mtu akikosea, akipanga foronya za hospitali kwenye toroli la hoteli, akimwaga sabuni, hangoji kufokewa. Anapiga goti la utani na kusema, "Shikamoo, hakuwa mlevi!" na wote wanacheka na kosa linapita.

Asubuhi moja mpiga pasi aliunguza kitambaa cha meza. Harufu ikajaa chumba. Kengele akaja mbio, "Nini hicho? Nini hicho?" na mpiga pasi akakiinua kile kitambaa chenye alama ya kahawia ya pasi, akainama mpaka chini.

"Shikamoo, mama! Hakuwa mlevi!"

"Hakuwa mlevi!" wakaitikia wengine, kutoka kwenye mashine, kutoka kwenye mvuke, hata dereva aliyekuja kuchukua mzigo na hakujua kinachosemwa. "Hakuwa mlevi!"

Binti na shangazi walikuwa mbalimbali wakati huo, shuka limenyooka kati yao. Waliacha kelele zipite. Kisha shangazi akalikung'uta mara moja, wakaanza kuendeana.