Mkanda wa Sago

Waliokuwepo jikoni asubuhi ile ya Jumanne: Dulcie Penhallow, mwenye nyumba; kaka yake Alwyn; Bi Marrable, daktari wa mifugo; mimi, jirani yao na mwalimu mstaafu; na Sago, mbwa wa kuchungia ng'ombe, aliyelala chini ya meza akitetemeka.

Sago aliogopa radi kiasi cha kuvunja milango. Vidonge vya kutuliza woga vilikuwa vimemsaidia miezi mitatu. Radi ikipiga, alisogea tu karibu na jiko. Lakini tangu Jumapili alihema na kuyumba, ingawa mbingu zilikuwa nyeupe, bila dalili ya radi. Alwyn alitaka apelekwe kwa rafiki yake wa bara, kusikonyesha.

"Mbwa wa ng'ombe kulishwa vidonge vya huzuni," alisema. "Matokeo ndiyo hayo."

"Ungepewa wewe viwili, kaka, gubu lingekuisha," Dulcie alijibu, lakini mkono wake haukubanduka sikioni mwa mbwa.

"Kuna dawa nyingine anayotumia?" daktari aliuliza.

"Hakuna."

"Ya maumivu? Ya minyoo?"

"Hakuna, daktari. Hata kwenye simu nilikwambia."

Bi Marrable aliinama, akapitisha kidole shingoni mwa Sago. "Na huu?"

"Huo mkanda wa kupe. Nilimvika Jumamosi, msimu umeanza."

"Mkanda huu ni dawa, Dulcie. Inapenya ngozini, inaingia damuni, inagombana na vidonge vyake."

"Mimi najua dawa humezwa."

Nilitazama chini. Nilifundisha sayansi miaka thelathini, na Jumamosi hiyo ni mimi niliyemshikia Sago kichwa akivikwa.

Daktari aliukata mkanda kwa mkasi wa jikoni, akautia katika chupa ya jamu, akaondoka na mgonjwa. Alhamisi alimrudisha akitembea wima, na tukaketi tena walewale. Vidonge vingengoja wiki mbili, alisema, kisha vingeanza upya, bila mkanda wa namna ile.

"Na kupe?" Alwyn aliuliza. Sago alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu chake, naye hakukiondoa.

Dulcie aliweka birika mezani.

"Sikilizeni. Sago haendi bara. Kila jioni nitamkagua kwa vidole, kuanzia masikio hadi mkia, na Alwyn atashika tochi."