Kiapo cha Mlango wa Lifti

Karakana ile ya kutengeneza lifti ilikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: ukiandika programu ya lifti, unaipanda lifti hiyo mwenyewe. Hakuna kumtanguliza mwenzio. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Pacha aliingia kwenye lifti ya majaribio, na nyuma yake akaingia shemeji yake, kaka wa mumewe. Karakana nzima ilimwita Komeo, maana hakuna mstari wa programu uliopita bila yeye kuufungulia.

Komeo alikuwa akiandika programu za lifti tangu nywele zake zikiwa nyeusi, zote kwa lugha moja ya zamani. Lugha ile inakuamini kama mlevi anavyomwamini rafiki wa baa: ukiiambia andika hapa, inaandika, hata kama hapo ni kwa jirani. Ndivyo ilivyotokea kwenye jengo moja la ofisi. Sehemu ya kupima uzito iliandika juu ya kumbukumbu ya mlango, mlango ukafunguka lifti ikiwa kati ya ghorofa, na mfagiaji akanusurika kwa kung'ang'ania fremu. Mama Pacha aliposikia akasema basi, imetosha. Akaiandika upya sehemu ya mlango kwa lugha mpya, ambayo kosa la namna hiyo inalikataa mapema, kabla programu haijawashwa.

"Kali kama mama mkwe," Komeo alisema siku alipoijaribu ikamkatalia.

"Mama mkwe wangu ni mama yako, shemeji. Nimfikishie?"

Meneja alishakata shauri: jaribio likishindwa, sehemu mpya inang'olewa, na lifti zinakwenda kwa wateja na programu ya mlango ile ile ya zamani.

Wakapanda. Mlango ulijifunga vizuri, ukafunguka vizuri. Kisha fundi wa umeme aliyekuwa chini akakata umeme, kama jaribio lilivyotaka, ili betri ipokee. Betri ikaitika. Programu haikuitika. Breki zikang'ata reli, lifti ikasimama katikati ya shimo na taa moja ndogo ikiwaka.

"Mko hai huko?" fundi akapaza sauti. "Au nikalie kiti cha Komeo?"

"Zungusha winchi, acha maneno!" Komeo akajibu, kisha akamgeukia Mama Pacha. "Nilikwambia. Mgeni hajui ya nyumba ya watu."

Mama Pacha alikuwa ameshachuchumaa, kompyuta mapajani, akisoma mahali programu ilipofia.

"Si lugha iliyokosea. Ni mimi."

Lugha mpya ikifika mpakani na ile ya zamani, haioni ng'ambo. Hapo mwandishi ndiye anayeapa: huko ni salama, niamini. Yeye alikuwa ameapa kwamba sehemu ya zamani, ya Komeo, kila ikiulizwa itataja mahali hali ya mlango ilipohifadhiwa.

"Shemeji, umeme ukikatika unanijibu nini?"

"Tupu. Mpaka betri itulie. Kila mtu anajua hilo."

"Kila mtu nani?"

"Mimi. Na mwenzangu aliyestaafu."

"Imeandikwa wapi?"

Akajigonga kipaji cha uso kwa kidole.

"Basi nimeapa juu ya kitu kilichomo kichwani mwako."

"Sasa unataka nijifunze lugha yako? Samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nimeshakauka."

"Sikukunji, shemeji. Nionyeshe tu miiba iko wapi."

Winchi ikawateremsha taratibu. Meneja alikuwa anawangoja mlangoni. "Imeshindwa. Ing'oeni."

Mama Pacha hakutoka. Alisimama pale pale kizingitini. "Kosa ni langu, nimelijua, nalitengeneza leo. Ule mlango wa zamani uliotaka kuua mtu, kosa lake nani amelitengeneza?"

Meneja akamtazama Komeo. Mama Pacha naye akamtazama. Alijua neno moja la shemeji yake lingetosha kumfukia.

"Nimelitafuta," Komeo alisema, macho kwenye viatu. "Naziba hapa, linatokea pale. Mwache mpaka jioni."

Siku nzima walikaa kiti kwa kiti. Komeo alitoa ya kichwani kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, na kila alipotaja jambo Mama Pacha alifuta kiapo kimoja, akaweka swali mahali pake: uliza kwanza, ukijibiwa tupu, funga mlango usubiri.

"Kuna jingine, lakini dogo," Komeo akasema.

"Hakuna dogo. Sema."

Jioni wakapanda tena. Umeme ukakatwa. Lifti ikasita, mlango ukiwa umejifunga kabisa, betri ikapokea, wakaendelea kupanda. Kutoka chini fundi alipiga mluzi. Mama Pacha akapumua.

"Sehemu ya uzito nayo," Komeo alisema bila kuulizwa, "ndiyo iliyoanza ule ubaya."

"Ni kweli."

Akanyoosha mkono akaichukua kompyuta. Aliandika kwa lugha mpya, kwa vidole viwili, akifuata mfano wa ile ya mlango, akabonyeza.

"Imenikatalia."

"Soma imekataa nini."

Komeo akavaa miwani, akasoma.