Nyasi Pale Aliposimama Ivy

Mwanamke aliingia studio bila kubisha, amelowa hadi mabegani, na kabla sijamkaribisha akauliza, "Ni wewe ulinitoa?"

Nilidhani amekosea mlango. Studio yangu ya Naro Moru ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Nanyuki, na wengi waliingia wakitafuta duka la dawa za mifugo lililokuwa jirani. Lakini nyuma yake alisimama msichana wa miaka minane hivi, amevaa sweta ya shule, na mtoto yule nilimtambua mara moja. Uso ule nilikuwa nimeukuza hadi ukajaa skrini, nikauzungushia mstari, nikabonyeza.

"Kaa, mama."

"Sikuja kukaa. Mimi ni Wawira, natoka Kangari. Nataka picha ya mazishi ya mzee Muriithi. Ile ya kwanza, kabla hujaitengeneza."

Yalikuwa yamepita majuma matano tangu mazishi hayo. Kwetu, jeneza likishashushwa, mshereheshaji huita familia moja moja ije iweke shada na kupigwa picha kando ya kaburi. Anayeitwa ni wa mji ule. Asiyeitwa ni mgeni, hata awe alilia kuwashinda wote. Siku ile mshereheshaji aliitazama karatasi yake, akasita, akasema, "Familia ya Kangari." Vichwa vikageuka. Wawira akasogea na binti yake, Ivy, huku Mwai, kifungua mimba wa mzee, akiwa bado hajaondoka hapo na ndugu zake. Wote wakaingia katika picha moja. Nilipiga mara moja tu, mvua ikatutawanya.

Kesho yake Mwai alinijia. Jengo nililofanyia kazi lilikuwa lake. "Wachuka, safisha hii picha," akaniambia. "Huyu mama na mtoto ni watu wa kupita."

Sikuuliza swali hata moja. Mimi, niliyetoka chuo kikuu miezi saba tu nyuma nikiamini kamera yangu itasema kweli mahali ambapo watu wanaogopa kusema! Nilikuwa nimeweka programu mpya ya akili unde kwenye kompyuta, na nilitamani kuona inaweza nini. Iliweza yote. Ilipanda nyasi pale waliposimama mama na mtoto, ikaunyoosha upya ukingo wa koti la Mwai, ikaongeza hata mwanga kidogo, kana kwamba mvua haikuwa inakuja. Nilijivunia kazi ile. Niliwatumia wenzangu wa chuo waione.

"Alhamisi chifu anaandika barua ya kuwataja warithi wa mzee," Wawira alisema. "Mwai amempelekea albamu. Ati kama huyu ni mtoto wa mzee, mbona hayuko kwa picha? Na wale wazee walituona na macho yao, nimewazungukia wote. Kila mmoja ananiambia siku hiyo hakuwa na miwani."

Kadi ya kamera nilikuwa nimeifuta ili nipige harusi. Kilichobaki ni nakala ndogo, hafifu, ndani ya simu yangu. Nikaifungua. Ivy akainama karibu, akaweka kidole.

"Huyu ni mimi. Na kwa ile ingine niko wapi?"

"Nilikutoa."

"Kwa nini?"

Mama yake alitazama nje, barabarani. Ivy hakukiondoa kidole chake.

"Utawaambia niliwekea baba maua?"

"Nitawaambia."

Jumatano Mwai alikuja, akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kitambaa cha samawati, kama anayesubiri kupigwa picha. "Nasikia ulipata wageni, msichana wangu." Sauti yake ilikuwa na upole ulionitisha kuliko kelele. "Wewe ni mtoto wa kusoma. Hiki chumba ni chako hadi uchoke nacho. Lakini kesho uko na kazi mingi, si ndio?"

Nilitikisa kichwa, na hadi leo sijui kama nilikubali au nilikataa. Alipoondoka nilifunga mlango mchana kweupe, nikakaa sakafuni. Nilijaribu kujidanganya kwamba picha ile ndogo ingejisemea yenyewe, na mimi nisingehitaji kufungua mdomo.

Siku hizi niko Timau, kwenye shamba la maua. Napanga waridi kwa urefu wa shina. Wenzangu huniuliza kama ni kweli nilisomea picha, wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini kila nikiona picha nzuri sana, isiyo na kasoro, moyo hunienda mbio kama ulivyonienda asubuhi ile ya Alhamisi.

Asubuhi hiyo, ofisini kwake, chifu aliweka simu yangu mezani, akaweka albamu kando yake. Mwai akaangua kicheko.

"Chifu, sasa hii ya simu ndiyo imetengenezwa! Hii AI, ukitaka picha yako ukicheza dansi na simba, utapata kabla chai ipoe."

Watu walicheka. Chifu naye alitabasamu. Mimi nilizitazama picha zile mbili: ya uongo ilikuwa safi zaidi, yenye nuru zaidi. Kama singekuwa makaburini siku ile, ningeiamini.

"Nani ataniambia ya kweli ni gani?" chifu akauliza.

Nikasimama.

"Ni hii ya simu. Ya albamu niliiharibu mimi. Mtoto alikuwepo. Alibeba shada kwa mikono miwili kwa sababu lilimlemea, na aliliweka mwenyewe."

"Wewe!" Mwai akasema. Kisha taratibu, bila kunitazama: "Leo jioni chumba kiwe wazi."

Chifu alinikazia macho. "Mpiga picha anayefuta watu. Ukiniandikia hayo na sahihi yako, nani hapa Naro Moru atakuletea tena hata picha ya kitambulisho?"

"Sijui, chifu."

"Na bado unataka kuandika?"

Ivy alikuwa ameshika ncha ya leso ya mama yake, akinitazama.

"Nataka."

Akanisukumia karatasi. Niliandika, nikatia sahihi; jina langu lilipanda juu ya mstari, lakini lilisomeka.