Vidaraja vya Guzheng ya Mzee Miao

Mzee Miao Guangtai alitangaza mbele ya bakuli la supu, na mbele ya watu: konseti ya Jumapili ndiyo ya mwisho atakayokwenda kumsikiliza binti yake. Asipomsikia humo, guzheng yake ya nyumbani, zeze refu la kulazwa lenye nyuzi nyingi, inakwenda makumbusho ya wilaya, ikakae kwenye kabati la kioo.

Kumsikia, kwa mzee huyu, maana yake mkono wa kushoto. Hapa Kaifeng tumelelewa hivyo: wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto, upande wa pili wa vidaraja vinavyobeba nyuzi, unakandamiza na kutikisa uzi mpaka ulie. Ruixia, binti mwenyewe, alikwenda chuo Beijing akarudi anadonoa kwa mikono yote miwili, kasi ya cherehani. Watu wanampigia makofi. Baba yake husema, "Mbio nimeziona. Wimbo uko wapi?"

Mimi, Ge, napiga erhu, fidla yetu ya nyuzi mbili, katika okestra ya ala za jadi, na kiti changu kiko nyuma ya mpigaji mkuu. Nimetazama migongo ya mabingwa wengi na sikumbuki hata mmoja ulionitoa jasho.

Jumapili hiyo Ruixia alikuwa na nyimbo mbili baada ya mapumziko, na katikati yake alipaswa kusogeza vidaraja ili kubadili sauti. Lakini mpuliza zumari wetu alikula pilipili mchana, midomo ikavimba, kwa hiyo Bwana Dou, anayetuongoza, akageuza mpangilio: wimbo wa pili, usio na zumari, uwe wa kwanza, jamaa apumue. Tuliambiwa kwenye ujia. Ruixia alikuwa chumbani akifungwa kucha za kupigia vidoleni kwa plasta. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

Akatoka, akaketi, ngoma ikalia. Nikaona mabega yake yanaganda.

Vidaraja vilipangwa kwa wimbo mwingine. Katika nyuzi zote hapakuwa na noti ya mi, mahali pake palikaa fa, na wimbo wenyewe umejaa mi kila kona. Kuvisogeza hakukuwezekana tena. Njia ilikuwa moja: kuukandamiza uzi wa re mpaka sauti yake ipande kufikia mi, kila mara, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kucha za mkono wa kushoto zingemzuia. Akazing'oa kwa meno, plasta na yote, akazitema sakafuni. Moja iliangukia kiatu changu.

Mbio zote zikaachwa. Mkono ule haukuwa na nafasi ya kudonoa chochote, ulikandamiza tu, na kila mi ilifika kwa kuchelewa kidogo, ikipanda, ikitetemeka. Dou alimkodolea macho, kisha akapunguza mwendo, nasi tukamfuata. Mimi si mtu wa kusisimka, lakini nywele zilinisimama.

Mzee alitukuta nyuma ya jukwaa, chupa ya chai mkononi.

"Umezing'oa kucha mbele ya watu wote," alimwambia binti yake. "Nimeona. Kesho njoo uchukue guzheng."

Nilimkanyaga Ruixia mguu: nyamaza, dada, umeshapata.

"Baba, sikuzing'oa kwa ajili yako," akasema. "Nilipanga vidaraja vya wimbo mwingine. Vingekuwa sawa, ningepiga kama siku zote."

Mzee alifunga chupa yake taratibu.

"Mi ulikuwa unaitoa kwenye re?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Ningefanyaje, Baba?"

"Lete mkono."

Vidole vya kushoto vilikuwa na michirizi myekundu, kimoja kinavuja damu. Mzee akavitazama kimoja kimoja.

"Ile ya nyumbani imepangwa hivyo hivyo. Mama yako ndiye aliyeipanga mara ya mwisho, wiki ile aliyolazwa hospitali asirudi. Sijasogeza kidaraja hata kimoja. Kila mi ninayoitaka, naipigania." Akamwachia mkono. "Kesho asubuhi. Na usivisogeze."

"Na makumbusho, mzee?" nikauliza.

"Makumbusho wana vidole, Ge?"

Asubuhi niliazima pikipiki ya matairi matatu ya muuza kabichi. Kwa kawaida guzheng ikisafirishwa vidaraja hung'olewa, maana havikugundishwa, vinashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Hii tuliilaza juu ya magodoro mawili, na Ruixia akalala kifudifudi kandoye, mikono yote miwili juu ya vidaraja.

Nyuma yetu msafara wa magari ulipiga honi.

"Wewe babu, umebeba mayai?" kijana mmoja akapiga kelele.

Nikafungua kinywa kumjibu anavyostahili.

"Achana naye, kaka," Ruixia akasema. "Shimo hilo mbele. Polepole."

Nikaenda polepole.