Mahali pa Kuweka Mikono

Tovuti ile ilianzishwa kwa ajili ya ndugu. Mpiga picha, ambaye mdogo wake alizaliwa kiziwi, alikuwa amechoka kugeuzwa mkalimani kila ukoo unapokutana. Shangazi akitaka kujua kama mdogo wake ameshiba, alimuuliza yeye. Mjomba akitaka kumtania, alimtania kupitia kwake, na utani ukimfikia mwenyewe ulikuwa umeshapoa. Basi Jumamosi moja alitundika shuka la kijivu kwenye ukuta wa studio, akamsimamisha mdogo wake mbele yake, akawasha taa, wakarekodi maneno ya nyumbani kwa lugha ya ishara: maji, njoo, umelala, nani amekula sehemu yangu.

Ndugu hawakujifunza. Waliangalia video mbili tatu, wakasifu mwanga, wakaendelea kumwita mpiga picha atafsiri. Waliozipenda ni watu wasiowajua: wazazi waliotoka hospitali na habari kwamba mtoto wao hasikii, walimu, hata dereva mmoja wa lori aliyesema anajifunza ili aweze kugombana vizuri na mkewe. Wakaomba maneno zaidi. Dada hao wawili wakarekodi zaidi. Mdogo mtu alikuwa mchoraji katika ofisi ya wasanifu majengo, na akitoka kazini alipitia studio moja kwa moja, hata kiatu hajavua.

Mahali pa kuziweka video hizo walipewa na binamu yao, mtoto wa mjomba. Ukoo ulimwita Mitambo, maana tangu utotoni hakikupita kifaa mkononi mwake bila kufunguliwa, na baadhi ya vifaa hivyo vilirudi vikiwa vizima. Sasa alikuwa na chumba juu ya duka la rangi. Humo kulikuwa na kiyoyozi kisichozimwa na kabati la chuma lenye seva, yaani kompyuta zinazotunza tovuti za watu na kuzifungua mtu anapozitaka: hoteli, kiwanda cha uchapaji, kliniki ya meno, wauza vipuri. Dada zake aliwapa kona kwenye seva mojawapo.

"Ndugu hatuulizani," alisema, na kweli miaka ikapita bila kuulizana.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu akapiga simu.

"Dada, hoteli wamenipigia. Mgeni anataka kuweka chumba, ukurasa unazunguka tu kama pia. Wachapaji nao wamenitolea uvivu. Daktari wa meno sijapokea simu yake, naogopa."

"Kuna nini?"

"Kuna nyinyi."

Akamweleza. Seva ilikuwa na njia moja tu ya kutokea kwenda kwa watu. Wengine walipita na bahasha, lakini video zilipita na magunia, na siku hizi magunia hayakatiki kuanzia alfajiri. Mwenye bahasha akibaki nyuma, anasubiri.

"Nizipunguze ukubwa," Mitambo akasema. "Picha itakuwa hafifu kidogo. Mtu hataona tofauti."

Mpiga picha alikuwa na bibi harusi mbele yake na kamera shingoni. Akasema sawa, punguza. Hakumuuliza mdogo wake. Haikumjia akilini.

Wiki hiyo tovuti za watu zikafunguka, na hoteli ikanyamaza. Halafu babu mmoja akawaandikia. Mjukuu wake alikuwa anarudi kutoka shule ya bweni, naye babu alikuwa amejifungia chumbani na simu, akajifunza jinsi ya kusema "nimekukumbuka". Mtoto aliposhuka kwenye gari, babu akainua mikono mbele ya watu wote, akasema kwa ishara, "Umenichosha." Mtoto alilia. Baadaye akaelewa, akacheka, lakini babu mwenyewe hakucheka, na alitaka kujua nani aliyemfundisha upuuzi.

Maneno hayo mawili yanafanana. Kinachoyatofautisha ni kidole cha mwisho, kwamba kimeinuka au kimelala. Kwenye video iliyopunguzwa, mkono ulipokwenda kasi, vidole viligandana vikawa kitu kimoja kama glavu ya mtoto mchanga, isiyogawa vidole.

Mdogo mtu aliingia studio akiwa na ujumbe huo mkononi. Akaweka simu mezani na kucheza video ileile, mara ya kwanza, ya pili.

"Umenikata vidole," akasema kwa ishara.

"Sijakata. Tumepunguza tu ukubwa wa faili."

"Nani aliamua?"

"Mitambo aliniomba, hoteli ilikuwa..."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Mpiga picha akaicheza video tena, akakitafuta kidole cha mwisho. Mdogo wake hakuzidi kumkaripia. Alivuta kiti, akafungua kompyuta, akasema watatafuta pa kuhamia, na safari hii watatafuta wote wawili.

Wakaanza na lililokuwa rahisi. Kulikuwa na majukwaa makubwa ya bure ambako kila mtu hutupia video zake. Wakaweka moja, wakaifungua kwenye simu. Tangazo la sabuni likajitokeza chini ya kioo, palepale mikono inaposhukia. Video ilipoisha, nyingine ikaanza yenyewe: mtu anashindana na mwenzake kula pilipili. Mdogo mtu aliitazama hadi mwisho, akakiri kwamba inachekesha, kisha akasema hapana.

Wakapata kampuni ya mbali iliyoahidi kila kitu bila kikomo, na neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Mdogo mtu, ambaye kazini alizoea kusoma vijiandishi vilivyo pembeni mwa ramani, akashuka na masharti yao mpaka chini kabisa. Huko kampuni ilisema ina haki ya kupunguza kasi ya tovuti yoyote itakayotumia njia "kupita kiasi cha kawaida", na kwamba tovuti za video si za kawaida. Wakamwandikia mhudumu wao: kiasi cha kawaida ni kipi? Akajibu kwamba wasiwe na hofu, hakuna kikomo. Wakauliza tena. Akawatakia siku njema.

Kampuni ya tatu ilikuwa mjini humohumo, ghorofa ya juu ya jengo la vioo, kwa hiyo waliweza kwenda kwa miguu yao. Walipokelewa na kijana wa mauzo mwenye tai, akawapa maji, akawasifia tovuti ambayo ilikuwa dhahiri hajaifungua. Kila neno alilielekeza kwa mpiga picha.

Mdogo mtu akauliza kwa ishara, dada yake akatoa sauti: "Mzigo ukizidi ghafla, mnafanya nini?"

"Mwambie asiwe na wasiwasi," kijana akasema.

"Mwambie mwenyewe, yuko hapa. Mimi natoa sauti tu."

Kijana akamgeukia mdogo mtu, akapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Kwetu sisi, mteja ni familia!"

"Familia ndiyo tunayoihama," mdogo mtu akajibu. Dada yake alipolisema hilo, kijana alicheka, kisha akaona wao hawacheki, akaenda kumwita fundi wao.

Fundi alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta kwa sababu ya baridi ya chumba cha mitambo. Hakusifu chochote. Alichukua kalamu, akachora ubaoni, na kila alipotaka kusema aligeuka kwanza ili uso wake uonekane. Video isingekaa sehemu moja, alisema. Nakala zake zingewekwa katika seva nyingi, miji mbalimbali, na kila mtazamaji angepewa ile iliyo karibu naye. Watu wakiongezeka, mzigo unagawanyika.

"Na bili inapanda," mpiga picha akasema.

"Inapanda. Mnaweka kiwango cha matumizi, mkikikaribia tunawapigia. Hatukati kabla hamjajibu."

"Mnaipunguza video?" mdogo mtu akauliza.

"Tunaitoa kama mlivyoileta."

"Na tukitaka kuondoka?"

"Mnachukua vyenu, mnaondoka. Msiponiamini, jaribuni kwanza."

Wakajaribu. Waliweka video chache, na mdogo mtu akazitazama kwenye simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi ya wasanifu ambako mtandao huwa wa kubabaisha. Zilichelewa kidogo kuanza, lakini zilipoanza zilikuwa safi. Walimtumia babu yule pia, na ombi la radhi. Jibu lilikuja fupi: "Kidole nimekiona." Basi wakakata shauri. Ili kumudu gharama, mpiga picha angekubali kazi za harusi alizokuwa akizikwepa, na shule mbili zilizotumia video hizo zikaahidi kuchangia.

Kilichobaki ni kumwambia Mitambo. Mpiga picha alisema atamwambia Jumatano. Jumatano akasema ana kichwa. Siku ya Ijumaa mdogo wake alichoka kungoja, akapanda mwenyewe ngazi za duka la rangi.

Yaliyosemwa huko mpiga picha aliyapata baadaye kutoka kwa wote wawili, na hayakupishana. Mitambo hakuwahi kujifunza hata ishara moja, ingawa zote zilikuwa kwenye kabati lake. Kwa hiyo mdogo mtu alivuta kibodi yake, akaandika, naye akajibu kwa kuandika, wamekaa bega kwa bega mbele ya kioo kimoja. Mdogo mtu alimshukuru kwa miaka yote. Akamwambia wanahamisha video.

"Nilikuwa naagiza seva nyingine," Mitambo akaandika.

"Hiyo nayo tutaijaza. Kurasa za maandishi zibaki kwako, video tu ndizo ziende."

Mitambo akavuta kibodi. "Ama zote, ama msihame," akaandika.

"Basi zote."

Mitambo hakulitarajia hilo. Alidhani watabembelezana kama ndugu, wafike katikati. Akainuka, akaenda kurekebisha waya ambao haukuwa na tatizo, akarudi, akaandika: "Nipe anwani yao."

Uhamisho aliufanya kwa mkono wake, na aliufanya vizuri. Siku tovuti ilipoelekezwa makao mapya, nusu ya watazamaji waliendelea kupelekwa kwa Mitambo, kwa sababu habari ya anwani mpya huchukua muda kuenea. Angeweza kuzima, hakuna ambaye angemlaumu. Hoteli ilipiga simu, wachapaji wakapiga simu, naye akawaambia wavumilie, akaacha seva yake ikibeba magunia mpaka mtu wa mwisho alipovuka. Hakuwaambia dada zake. Waliambiwa na daktari wa meno, aliyekuja studio kupigwa picha ya pasipoti akiwa bado amekasirika.

Baada ya hapo Mitambo alipoa. Simu zake zilikuwa fupi. Mjomba alimuuliza mpiga picha mtoto wake amekosa nini, akamjibu kwamba hajakosa kitu, njia yake tu ilikuwa nyembamba. Mjomba hakuridhika. Mpiga picha alimpelekea Mitambo mteja mmoja, fundi saa mwenye kurasa chache tu, akapokelewa kwa adabu ileile anayopokelewa mtu baki, si mtu aliyetumwa na ndugu. Hilo lilimuuma mpiga picha kuliko alivyotegemea, na hakuwa na la kufanya.

Video zilizidi kutazamwa. Fundi mwenye sweta alipiga simu wakiwa katikati ya kurekodi maneno ya maabara, akasema wamekikaribia kiwango, apandishe au azuie? Mpiga picha akaomba asubiri kidogo, akaweka simu mezani, akamuuliza mdogo wake. Mdogo wake akataka kujua ni video gani inayotazamwa sana. Fundi akaangalia: ni ile ya kuuliza mtu anaumwa wapi.

"Apandishe," mdogo mtu akasema. Kisha akaomba neno la mwisho lirudiwe, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimetoka nje ya picha.